Nyundo Iliyovunjika Makongolosi

Irfan alikuwa mtu wa mwisho wa ukoo wao kubaki Mbeya. Kaka zake walihamia Kanada zamani, wakamwachia karakana ya marehemu baba yao kule Iyunga na nyumba ya ghorofa moja Uhindini, ambayo vyumba vyake vingi havikufunguliwa tena. Mkewe alikufa kwa kisukari. Mtoto hawakujaliwa. Dada yake, Taslim, aliishi Iringa na mwanawe na wajukuu, na walipigiana simu siku za Idi na siku za misiba.

Mchana hakuwa na shida. Mashine ya kukerezea ina kelele, na mtu anayekereza chuma hana nafasi ya kuwaza. Alikuwa na fundi mwenzake, Silvester, Msafwa aliyeajiriwa na baba yake Irfan wakati yeye na Irfan wangali vijana, na wawili hao walikuwa wamezoeana mpaka siku nyingine hawakusemezana neno tangu kufungua mlango mpaka kuufunga. Kilichomshinda Irfan ni jioni. Alipopanda ngazi za nyumba yake alisikia viatu vyake mwenyewe, na alikuwa na tabia ya kuwasha redio kabla hajavua koti.

Siku moja ya mwezi wa Mei alikuja Shija. Huyu alikuwa mteja wake wa miaka mingi. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka Usukumani wakaweka makazi Usangu, na yeye, ng'ombe walipopungua, akaenda kutafuta dhahabu Makongolosi. Hakupata dhahabu ya kutajwa, ila alipata karasha, mashine ya kusaga mawe ya wachimbaji wenzake, na karasha hula nyundo zake za ndani kama mtoto anavyokula karanga. Kila baada ya muda Shija alileta nyundo zilizolika, Irfan akamtengenezea nyingine.

"Mwangaluka, Shija," Irfan alimwita. Salamu hiyo ya Kisukuma alifundishwa na Shija mwenyewe.

"Mwangaluka, mzee. Leo nimekuletea ajabu. Njoo unyanyue hili gunia kama we mwanaume kweli."

Ndani ya gunia kulikuwa na kitu cheusi chenye ukubwa wa mkate wa boflo. Irfan alikishika kwa mkono mmoja, kikakataa kunyanyuka. Akaweka mikono miwili, akakitua juu ya meza, na meza ikalia. Katikati yake palipita tundu lililopinda kama nyoka, likaingia upande huu na kutokea upande wa pili.

"Umekitoa wapi?"

"Kuna kontena bovu kule kwetu, la kampuni iliyokuwa inakagua mabomba, iliondoka zamani. Watu wa chuma chakavu wamelikata. Hiki kilikuwa ndani ya kasha la chuma. Wao wanasema ni madini ya risasi, mimi nasema risasi haiwezi kuwa hivi. Nimekipiga nyundo, hakibonyei."

Irfan alichukua tupa akakwaruza pembeni. Risasi ingekwaruzika kama siagi. Hiki kiligoma, kisha chini ya weusi ikatokea rangi ya fedha, na pale tupa ilipopita zikaruka cheche ndogo nyeupe. Irfan akarudia. Cheche zikaruka tena, na yeye akacheka peke yake. Silvester aligeuka kutazama, maana hakukumbuka lini mara ya mwisho alimsikia mzee akicheka.

"Nitengenezee nyundo za karasha," Shija alisema. "Zito hivi, likizunguka mle ndani, jiwe gani litabaki?"

Irfan hakujua kile ni chuma gani, na hakutaka kusema hajui. Alisema atajaribu.

Zile siku alizokikata kile chuma zilikuwa siku nzuri kuliko zote alizokuwa nazo tangu mkewe afe. Kila jambo la chuma kile lilikuwa geni kwake. Msumeno ulipopita kiliwaka. Kwenye mashine, vinyweleo vyake, vile vipande vyembamba vinavyochunika, vilijikunja na kushika moto vyenyewe kwa mwanga mweupe mkali, mpaka ikabidi Silvester asimame kando ameshika ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Alipokisugua kikang'aa, alikiacha mezani akaenda kunywa chai, na aliporudi kilikuwa na rangi ya dhahabu hafifu. Kesho yake kilikuwa cha kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea, na baada ya siku chache kilirudi kuwa cheusi. Jioni alipanda ngazi akikiwaza, akasahau kuwasha redio.

"Mzee, hili vumbi lake linanikaba," Silvester alisema mara moja akikohoa, huku akifagia.

"Fungua dirisha," Irfan alimjibu, akaendelea.

Nyundo zilipokamilika Irfan alizipeleka Makongolosi mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alitaka kuziona zikifanya kazi. Walizifunga yeye na Shija, pamoja na Antoni, kijana mwenye ndevu aliyekuwa mshirika wa Shija pale kwenye karasha. Injini ilipowashwa, mawe yaliingia yakatoka unga. Wachimbaji walikusanyika. Mama ntilie wa jirani aliwaletea ugali na mlenda, wakala wote kwenye sinia moja chini ya turubai, na watu wakamwita "injinia". Alirudi Mbeya na vumbi jekundu nywele nzima, akiwa na furaha ambayo hakuwa na mtu wa kumwambia.

Ilipita karibu mwezi. Mwishoni mwa Juni, ile baridi ya nyanda za juu ilishuka mpaka Chunya, kule Makongolosi, na asubuhi moja simu ya Irfan ililia. Alikuwa Antoni, na hakusalimia.

"Nyundo imepasuka, mzee. Tumewasha tu mashine, hata jiwe la tatu halijaingia. Imetoboa bati la karasha imempiga Shija mguuni. Mfupa umetoka nje. Tunamleta hospitali huko Mbeya."

Irfan aliwakuta kwenye varanda ya hospitali. Shija alikuwa amelala kwenye machela, uso umekuwa wa majivu, mguu wa kushoto umefungwa kanga iliyolowa. Irfan alimshika mkono. Shija aliutoa.

"Umenipa nyundo ya udongo, mzee," alisema.

Madaktari walimpasua, wakaunga mfupa wa muundi kwa chuma na skrubu. Antoni, kabla ya kurudi machimboni, alimkabidhi Irfan mfuko wenye vipande vya nyundo. Irfan alivitazama kwenye mwanga wa dirisha. Alitegemea kuona chuma kilichovutika na kuchanika, kama chuma kinavyofanya kikizidiwa. Hapakuwa na mvutiko wowote. Kilikuwa kimekatika wima, kwa chembe kubwa zinazometameta, kama sukari guru iliyovunjwa.

Hilo lilimnyima usingizi. Alijua kwamba ametengeneza kitu kikamvunja mtu, na hakujua ni kwa nini.

Mwisho alikumbuka chuo. Kulikuwa na mhadhiri wa uhandisi, Esther, Mnyakyusa wa Tukuyu, ambaye mara nyingi alimletea Irfan vyuma vya wanafunzi akatiwe vipande vya majaribio. Alimpelekea kile kilichobaki cha lile pande la kwanza.

"Shikamoo mzee Irfan. Mbona umekonda?"

"Marahaba, mwalimu. Nataka unisaidie kujua kitu. Hiki chuma ni kigumu, tupa inakihangaikia. Kwa nini kivunjike kama sahani?"

Esther alimwambia kwamba ugumu na uvumilivu wa pigo ni mambo mawili. Kioo nacho ni kigumu, hukikwaruzi kwa ukucha, lakini kiangushe uone. Kuna chuma kinachovumilia ukikivuta polepole, lakini pigo la ghafla kikalikataa. Na kuna vyuma vinavyobadilika tabia kwa joto na baridi, mchana vikawa vipole, alfajiri vikawa kama kigae. Njia ya kujua ni kuvipiga. Akamwomba akate vijiti vidogo vya mraba, vyote sawasawa, kila kimoja na mkato mwembamba katikati, ili vyote vianze kuvunjika mahali pamoja.

Irfan alivikata kwa uangalifu wote alionao, akavirudisha chuoni vimefungwa kwenye kitambaa kama mayai.

Mashine ya kupimia ilikuwa nyundo kubwa inayoning'inia kwenye mkono mrefu. Unaiinua juu, unaiachia, inashuka kama bembea, inavunja kijiti kilichokaa njiani, kisha inapanda upande wa pili. Kijiti kikiwa kivumilivu kinaila nguvu ya nyundo, nayo haipandi sana. Kikiwa dhaifu, nyundo inapita kana kwamba hapakuwa na kitu. Esther aliweka vijiti vingine kwenye ndoo ya barafu, vingine kwenye sufuria ya maji yanayochemka, vingine akaviacha mezani.

Walianza na cha mezani. Nyundo ilishuka, kikakatika kwa mlio mfupi, mshale ukaonyesha nguvu ndogo. Cha kwenye barafu kilikuwa kibaya zaidi. Nyundo ilipita ikapanda juu kabisa, na vipande viliruka mpaka ukutani. Lakini cha kwenye maji ya moto kilipinda kwanza, kikavutika, nyundo ikasitasita, ndipo kikaachia.

"Umeona?" Esther alisema. "Baridi ndiyo adui yake. Asubuhi ile Makongolosi, mashine haijapata joto, nyundo imelala nje na umande... Na chuma hiki kimemiminwa tu kwenye kalibu, hakijafuliwa, chembe zake ni kubwa. Kikiwa na unyevu umeingia ndani yake, ndiyo kabisa."

Irfan alikaa kwenye stuli. Angalau sasa kulikuwa na sababu.

"Tupige kingine cha baridi," Esther alisema. "Zima taa kidogo, kuna kitu nimekiona."

Irfan akazima. Nyundo ikashuka, na pale kijiti kilipokatika, gizani, zikaruka cheche nyeupe kama za kiberiti.

"Hata nikikata zinaruka," Irfan alisema kwa fahari. "Vinyweleo vyake vinawaka vyenyewe."

Esther aliwasha taa. Alivaa glavu, jambo ambalo hakulifanya mwanzo, akachukua kipande akakipima kwenye mizani, kisha akakipima kikiwa ndani ya maji, akapiga hesabu, akairudia. Kilikuwa na uzito unaokaribia mara kumi na tisa ya maji.

"Mzee wangu," alisema polepole, "naomba ukanawe mikono. Nawa kwa sabuni, vizuri. Halafu usishike tena chochote hapa."

Alimpigia simu mwenzake wa fizikia, akaja na kifaa cha mkononi. Walipokisogeza karibu na vijiti, kifaa kikaanza kulia, tik, tik, tik-tik.

Ilikuwa urani. Si ile ya kutengenezea mabomu, Esther alimweleza, bali ile iliyokwisha kuondolewa sehemu yake kali. Kwa kuwa ni nzito mno, watu wanaopiga picha viungo vya mabomba kwa mionzi huitumia kama ngao. Chembe nyingine kali, inayotoa mionzi hiyo, hukaa ndani ya lile tundu lililopinda, na pande la urani huizuia isiwaunguze. Chembe haikuwemo tena, na hata kama ingekuwemo ingekuwa imekufa kwa ukongwe. Kilichobaki ni ngao. Kukishika mkononi hakuna madhara makubwa. Vumbi lake ndilo baya, likivutwa pumzi, au likiingia kwenye damu, maana linakwenda kukaa kwenye figo.

Irfan alikuwa akimsikiliza akitazama mikono yake. Mara akainuka.

"Shija," alisema. "Kile kipande kilichompiga. Sijui kama walikitoa chote."

Walikwenda hospitali kwa gari la Esther. Kidonda cha Shija kilikuwa hakitaki kufunga, na picha waliyompiga tena siku hiyo ilionyesha, kando ya skrubu, kidoa cheupe pee chenye ukubwa wa punje ya mchele. Irfan alitaka kumweleza mwenyewe. Hakuruhusiwa. Shija alirudishwa chumba cha upasuaji, na alipotolewa alihamishiwa chumba cha peke yake mwisho wa korido. Manesi waliingia wamevaa barakoa, wakatoka upesi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Walikuja wataalamu wa mionzi kutoka nje ya mkoa, wamevaa ovaroli nyeupe, wakazungusha utepe wa njano kwenye karakana. Walifagia, wakakusanya kila kinyweleo, wakachimbua sakafu pale penye mashine, wakaondoka na mapipa yaliyofungwa, na Makongolosi nako wakaenda kuzichukua nyundo zilizobaki. Mkuu wao alikuwa mtu mwema. Alisimama barabarani akawaambia watu waliojaa kwamba wapita njia hawana cha kuogopa, ugonjwa huu hauambukizi, anayepaswa kupimwa ni aliyevuta vumbi. Watu walisikia neno moja tu, mionzi. Jioni ile kwenye simu za Mbeya nzima ilisambaa picha ya karakana yenye maneno kwamba kuna Mhindi alikuwa anaunda bomu Iyunga.

Irfan na Silvester walipimwa mkojo, wakaambiwa wasubiri. Silvester alikuja Uhindini siku iliyofuata, akasimama chini kwenye ngazi, hakupanda.

"Mzee, mama watoto amekataa," alisema. "Anasema nikirudi kwako nisirudi nyumbani."

"Lakini umesikia walivyosema. Hauambukizi."

"Nimesikia. Yeye hakusikia." Silvester alitazama chini. "Na mimi nilikwambia lile vumbi linanikaba, mzee."

Silvester aliaga kwa heshima, kama alivyoaga siku zote, akaenda.

Ijumaa Irfan alikwenda msikitini. Alikaa kwenye safu yake ya miaka yote. Imamu aliposema watu wanyooshe safu na kuziba mapengo, mtu wa kulia kwake alisogea kulia, na wa kushoto akasogea kushoto. Aliswali na mapengo hayo pande zote mbili, na aliposujudu aliweza kuona zulia lile jekundu likiwa tupu huku na huku. Tangu hapo aliswali nyumbani.

Alikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja nchini. Alifunga nyumba akapanda basi la Iringa.

Taslim aliishi Kihesa, kwenye nyumba yenye ua na kelele za watoto. Alimpokea mlangoni kwa machozi, akamshika mashavu, wakaongea Kikachi, lugha yao ya utotoni, na kwa saa nzima Irfan alijiona mtu tena. Chakula kilipoletwa, wengine walikaa mezani. Yeye aliwekewa kwenye meza ndogo karibu na dirisha, kwenye sahani ya plastiki ambayo bado ilikuwa na kibandiko cha dukani. Mjukuu wa mwisho wa Taslim, wa kike, alimkimbilia babu yake mgeni, na mama yake akamdaka katikati ya chumba akamrudisha.

Irfan alikula. Usingizi haukuja, na asubuhi alimkuta dada yake jikoni akichemsha shuka alizolalia.

"Taslim."

Aligeuka. Mwiko ulikuwa mkononi.

"Si mimi," alisema. "Mkwe ndiye anaogopa. Watoto ni wadogo, kaka. Kaa kidogo tu mpaka majibu yatoke, halafu..."

"Hauambukizi."

"Najua."

"Unajua na unachemsha shuka."

Taslim aliweka mwiko chini, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alikuwa mwanamke mzee sasa, na Irfan aliona kwamba amekuwa mfupi. Alimhurumia kuliko alivyomkasirikia. Alimwambia kwamba alikusudia kuondoka siku hiyo hiyo, ana mtu wa kumwona upande wa Usangu. Lilikuwa neno la kumfariji tu, lakini alipokuwa stendi na begi lake, aliona gari la Mafinga, akapanda.

Shija alikuwa ametolewa hospitali akaenda kuugulia kwa kaka yake Madibira, huko huko Usangu, penye mashamba ya mpunga. Irfan alibadilisha gari Mafinga, akashuka pale akiwa amechakazwa na barabara, akauliza. Walimwonyesha nyumba ya bati kando ya mfereji. Mke wa Shija alimwona akija, akaingia ndani, akatoka.

"Anasema hayupo," alisema mwanamke, na yeye mwenyewe akaona aibu.

"Basi nitamsubiri mpaka awepo," Irfan alijibu.

Alikaa kwenye ukingo wa mfereji. Maji yalikuwa yakipita kimya, ya rangi ya udongo, na ng'ambo wanawake walikuwa wakianika mpunga juu ya maturubai. Jua lilisogea. Hatimaye alisikia magongo nyuma yake. Shija alikaa chini kwa taabu, mguu umenyooka mbele, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Walinipasua mara mbili," Shija alisema mwisho. "Wakanifungia chumba peke yangu. Mtu analeta uji anausukuma kwa mguu. Hapa nyumbani nako, mwanzoni kaka alinilaza kwenye banda la ng'ombe."

"Nimekuja kukueleza kile kilikuwa kitu gani."

"Wameshanieleza. Yule mwalimu wa chuo alikuja." Shija aliokota kijiwe akakitupa majini. "Nilikuchukia sana, mzee. Nililala pale nikasema huyu mtu anaitwa fundi, amekaa na vyuma maisha yake yote, alishindwaje kujua? Angesema tu, Shija, hiki sikijui, kirudishe."

"Nilipaswa kusema hivyo."

"Ulipaswa."

Irfan aliinamisha kichwa. Alitegemea matusi, na alikuwa tayari kuyapokea, ila matusi hayakuja.

"Lakini aliyekileta ni mimi," Shija aliendelea. "Nilikibeba kwenye pikipiki nimekiweka mapajani, toka machimboni mpaka Mbeya. Nilisema, mzee akikiona hiki atafurahi." Akamgeukia. "Na wewe je? Ulikuwa unakikata, vumbi lote lile. Kifua chako kikoje?"

Tangu siku ile ya chuo watu walimuuliza Irfan mambo mengi: alikitoa wapi, amekigusa na nani, amekaa karibu na nani, atakaa siku ngapi. Hakuna aliyemuuliza yeye yukoje. Alijifuta macho kwa kiganja, akasema kifua hakisumbui, figo anasubiri majibu, usingizi ndio hana.

"Usingizi mimi pia sina," Shija alisema.

Walikaa pale mpaka ng'ombe wakaanza kurudi. Hawakuwa marafiki kama zamani, na wote wawili walilijua hilo. Shija hakumwambia "yamekwisha", na Irfan hakulidai neno hilo. Alilala hapo usiku mmoja, na asubuhi mke wa Shija alimfungia mihogo ya kuchemsha kwa ajili ya safari. Shija alimsindikiza kwa magongo mpaka lilipofika gari la Rujewa, akasimama hapo hadi lilipoondoka.

Majibu yalitoka Agosti. Figo za Silvester zilikuwa nzima. Za Irfan zilikuwa zimeguswa kidogo, si sana, na daktari alimwambia anywe maji, arudi kila baada ya miezi kadhaa, na aombe Mungu. Karakana ilifunguliwa, ikiwa na sakafu mpya ya saruji na karatasi ya serikali mlangoni inayosema mahali hapa ni salama. Silvester alikuwa ameshapata kazi kwa fundi mwingine. Walikutana sokoni Mwanjelwa wakasalimiana vizuri, kila mmoja akamuulizia mwenzake afya, kila mmoja akasema anaendelea.

Irfan alifungua mlango kila asubuhi, akapaka mashine mafuta, akakaa. Esther alipita mara mojamoja na vyuma vya wanafunzi, akakaa kunywa chai akimweleza habari za chuo, na siku hizo zilikuwa na urefu unaovumilika. Siku nyingine hakuja mtu. Barabarani walipita watu wengi, na wakifika usawa wa karakana walihamia upande wa pili.

Mwezi wa Septemba alikuja mwanaume mmoja na ekseli begani, dereva wa lori kutoka Songwe. Jina lake lilikuwa Aroni. Lori lake lilikuwa limeharibika Uyole, na mtu fulani alimwambia zamani kwamba Iyunga kuna Mhindi anayejua ekseli. Alikuwa karibu kuvuka kizingiti Irfan alipoinua mkono.

"Simama hapo kwanza, baba. Kabla hujaingia kuna jambo ulijue."

Akamweleza. Alimwambia ni chuma gani alichokikata, kwamba kilimvunja mtu mguu, kwamba watu wa mionzi wamesafisha na karatasi hii hapa, na kwamba watu wa mji huu hawaingii. Hakuficha kitu na hakujitetea. Aroni alisikiliza ekseli ikiwa bado begani, akimtazama, akiitazama karatasi, akiitazama sakafu.

"Na ekseli yangu?" aliuliza. "Unaweza?"

"Naweza. Ni chuma ninachokijua. Jioni itakuwa tayari."

Aroni aliwaza. Kisha akaishusha ekseli polepole, akailaza kizingitini, nusu ndani nusu nje, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Mimi nitasubiri kule," alisema, akionyesha kivuli cha ukuta ng'ambo ya barabara. "Usinielewe vibaya, mzee. Nina watoto."

"Sawa," Irfan alisema. "Kuna benchi pale."

Aliiinua ekseli, akaiburuta ndani, akaifunga kwenye mashine, akaichunguza mahali ilipochanika. Ng'ambo ya barabara yule mtu alikuwa ameketi, ameweka mikono magotini, macho yake hayatoki mlangoni. Irfan akawasha mota, na kelele ikajaa karakana.